Mbona binti yangu hashiki ukili? Jibu kwa msomaji wa Pemba

Swali: "Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete. Nimekulia shamba kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa msukaji wa mikeka. Sikumbuki hata siku moja bibi kunikalisha kitako akanifundisha kusuka, wala sikumbuki nilianza lini, lakini nasuka, na wanaomkumbuka wanasema ukili wangu, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, ni wake. Binti yangu mkubwa ana miaka 10, skuli anafanya vizuri na chuoni ameshavuka juzuu kadhaa. Kwa miezi sasa namfundisha kusuka. Namweleza kwa maneno, nimemwekea hata video kwenye simu. Anajaribu siku mbili, vidole vinagongana, anaacha. Wapo wanaoniambia watoto wa sasa akili zao si za kazi hizi, na wapo wanaosema mkono wa kusuka mtu huzaliwa nao. Mama yangu bado anasuka, lakini yuko shamba na tunaonana mara moja kwa mwezi. Naomba unieleze, mimi nilifunzwaje bila ya kufunzwa? Na jambo kama hili likikatika kizazi kimoja, linaweza kurudi?"

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Swali lako la kwanza limewashughulisha wataalamu wa saikolojia na wa mila za binadamu kwa muda mrefu, na nimefurahi kwamba safari hii limeulizwa na mtu mwenye ukindu mapajani. Nitakujibu kwa urefu, lakini msimamo wangu nautanguliza ili usisome kwa wasiwasi: akili ya binti yako haina kasoro yoyote, na haitofautiani na yako ulipokuwa na umri wake. Tofauti iko pale anapokaa. Wewe ulipewa nafasi ndani ya kazi kabla ya kupewa somo lolote, naye amepewa masomo mengi bila ya nafasi.

Niliondoe kwanza hilo la mkono wa kuzaliwa nao. Mtoto wa Kipemba akichukuliwa mchanga akalelewa Muscat na watu wa huko, atasema Kiarabu kwa lafudhi ya Muscat na hatajua ukili ni nini. Na mtoto wa Kijapani akilelewa Konde atasema Kipemba kama wenyewe na, akiwa nyumba ya wasukaji, atasuka. Tunachozaliwa nacho ni uwezo wa kuchukua kutoka kwa waliotuzunguka, na uwezo huo kwa binadamu ni mkubwa kupita wa kiumbe kingine chochote tunachokijua. Wanyama nao wana mila zao. Hapa hapa Tanzania, katika msitu wa Gombe, Jane Goodall aliona mwaka 1960 sokwe wakivua mchwa kwa vijiti, na baadaye ikaonekana kwamba sokwe wa Mahale, jirani zao wa kusini, wana desturi ya kushikana mkono mmoja juu ya vichwa wanapochambuana manyoya, desturi ambayo wa Gombe hawana. Lakini kwa sokwe mila hazirundikani sana. Kwetu sisi kila kizazi hupanda juu ya mabega ya kilichotangulia, na ndiyo maana mtoto wa binadamu anahitaji miaka mingi sana ya kukaa karibu na wakubwa.

Sasa, kwa nini hukumbuki ulivyojifunza? Mwaka 1953 kijana mmoja wa Marekani aliyekuwa na miaka 27, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo ili kutulizwa kifafa kilichokuwa kikimtesa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya matukio. Mtu aliyezungumza naye asubuhi, jioni alikuwa mgeni kwake. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora mstari ndani ya mipaka ya umbo la nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi ambayo humchanganya mtu yeyote anapoianza, kwa kuwa kioo hugeuza mwelekeo. Molaison aliifanya kwa siku tatu. Kila siku kwake kazi ilikuwa mpya, hana habari kwamba aliwahi kuiona, na kila siku mkono wake ulikosea kidogo kuliko jana. Mkono ulikuwa unajua jambo ambalo mwenyewe hakujua kwamba analijua.

Tokea hapo imethibitika kwamba ubongo una njia zaidi ya moja ya kuhifadhi. Ipo kumbukumbu ya matukio na maelezo, ambayo tunaweza kuitamka, na ipo kumbukumbu ya utendaji, ambayo hujijenga kidogo kidogo kwa kurudia na haina maneno. Ukili wako uko kwenye hii ya pili. Jaribu jambo moja usiku wa leo: weka mikono yako mapajani, usiitikise, kisha mweleze mtu kwa mdomo tu chane (ukanda mwembamba wa ukindu) ya tatu kutoka ukingoni inapita juu ya zipi na chini ya zipi unapofika pembeni na kugeuka. Nakuhakikishia utakwama, na vidole vitaanza kucheza vyenyewe ili vikusaidie kusema. Kwa hiyo unapomweleza binti yako kwa maneno, unamtafsiria kitu ambacho hata kwako hakikuingia kwa maneno, na tafsiri hiyo ni lazima ipungue. Kosa hilo si lako peke yako. Walimu wote wa kazi za mikono hulifanya, na mimi ninayefundisha elimu hii nimelifanya kwa wanangu.

Bibi yangu mwenyewe, huko Makunduchi, alikuwa akisuka barazani baada ya alasiri. Ninachokikumbuka kwa uwazi si somo, ni mpangilio wa mambo. Fungu la ukindu lililotiwa rangi liko mkono wake wa kushoto, limefunikwa kitambaa chenye majimaji ili lisikauke. Dada yangu mkubwa yuko kulia, amepewa chane fupi fupi ambazo hazifai kwa mkeka, anasuka ukili wake mwembamba wa kuchezea, umepinda kama mkia wa kenge. Bibi anazungumza na jirani habari za harusi. Hamtazami dada. Ghafla mkono wake unavuka, unaingia katikati ya ukili wa mtoto, unaitoa chane moja iliyopita juu badala ya chini, unairudisha mahali pake, unaubana ukili kwa kidole gumba, na unarudi kwenye kazi yake, na habari ya harusi haijakatika. Tendo zima halikuzidi pumzi mbili. Ukimuuliza bibi kama amemfundisha mjukuu wake kusuka, angesema hapana, ameona mwenyewe. Na dada naye hadi leo atasema hivyo hivyo. Lakini mkono ule uliingia mara ngapi kwa mwaka? Mara ngapi kwa miaka mitano?

Kwa hiyo ulifunzwa, dada yangu, tena na mwalimu hodari, isipokuwa mafunzo yale yalikuwa yamefumwa ndani ya kazi na mazungumzo hata hayakuonekana kuwa ni mafunzo.

Upande wa pili wa jambo hili ni mtoto mwenyewe, na hapa utafiti umetupa mambo ya kustaajabisha. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa sokwe wadogo wa kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kwa watoto wa miaka 3 na 4 wa Uskoti. Walikuwa na kisanduku chenye zawadi ndani. Mwonyeshaji aliingiza kijiti kwenye tundu la juu, akagongagonga, kisha akafungua kilango cha mbele na kutoa zawadi. Kule kugonga juu hakukuwa na faida yoyote. Kisanduku kilipokuwa cheusi, kisichoonyesha ndani, sokwe na watoto wote waliiga kila hatua. Kilipoletwa kisanduku cha aina ile ile lakini cha kuona ndani, ambapo ilidhihirika kwamba kijiti cha juu kinagonga kizuizi tu, sokwe waliacha ule upuuzi wakaenda moja kwa moja kwenye kilango. Watoto wa binadamu waliendelea kugonga juu. Na hili si la watoto wa Ulaya tu, kwani miaka michache baadaye watoto wa jamii za Wasan wa Kalahari walionyesha tabia hiyo hiyo.

Mtu anaweza kusema kwamba hapa sokwe amemshinda mtoto kwa akili. Mimi naona kinyume chake, na nitakuonyesha sababu kwa muhogo. Muhogo mchungu una kemikali ambazo hutoa sumu ya sianidi. Sumu hiyo hupunguzwa kwa kumenya, kuloweka siku kadhaa mpaka muhogo ulainike na kuchacha, kisha kuanika vizuri. Anayeuloweka hawezi kuiona sumu ikitoka. Akipunguza siku moja au mbili za kuloweka na kuonja, huenda asione uchungu mkubwa, na hatakufa siku hiyo. Madhara huja kwa wanaoula kwa wiki nyingi bila ya kitoweo cha maana, na mojawapo ni ugonjwa wa konzo, ambao hupooza miguu na haurudi nyuma. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ulemavu huo, wengi wao wanawake na watoto, kwa kuwa njaa ilifanya muhogo mchungu kuwa chakula pekee na siku za kuutengeneza zikafupishwa. Sasa fikiria mtoto mwenye busara ya yule sokwe, anayeacha kila hatua ambayo haoni faida yake. Angeacha kuloweka. Mtoto anayeiga hata asichokielewa, kwa sababu anamwamini anayemwonyesha, anarithi maarifa ambayo hata bibi yake hawezi kuyaeleza sababu yake, na kwa njia hiyo maarifa yaliyokusanywa na watu wengi kwa miaka mingi huvuka salama kupitia vichwa ambavyo hakuna hata kimoja kinachoyajua yote. Ni kweli kwamba kwa mlango huo huo huingia pia mambo yasiyo na msingi, na mengi tunayoyakataza usiku bila ya kujua kwa nini huenda ni ya aina hiyo. Hiyo ndiyo gharama, na kwa maoni yangu tumeilipa kwa faida.

Hata hivyo mtoto haigi kama kioo. György Gergely na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wa miezi 14 hupima nia. Mtu mzima aliwasha taa kwa kuigusa kwa kipaji cha uso. Kama mikono yake ilikuwa huru juu ya meza, watoto karibu 7 katika kila 10 nao baadaye waliwasha kwa kichwa, kana kwamba wamefikiri: mikono alikuwa nayo, basi kichwa kina sababu. Lakini kama mikono yake ilikuwa imeshika blanketi kwa sababu ya baridi, ni watoto kama 2 tu katika 10 waliotumia kichwa. Waliobaki walitumia mikono yao. Hao ni watoto ambao bado hawajasema sentensi moja. Gergely na mwenzake Gergely Csibra wanaeleza pia kwamba mtoto huwa macho zaidi kwa mafunzo anapopata ishara kwamba jambo hili linaelekezwa kwake: kutazamwa machoni, kuitwa kwa jina lake, sauti kubadilika kidogo. Mkono wa bibi ulipovuka ukaingia kwenye ukili wa mjukuu, ishara hiyo ilikuwa ndani yake.

Hapo ndipo nafika kwenye simu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 na kuwakutanisha na wasemaji wa Kichina kwa vikao 12. Waliocheza na mtu aliye mbele yao walizishika sauti za Kichina, na waliooneshwa watu wale wale na maneno yale yale kwenye televisheni hawakupata chochote cha maana. Nisikupotoshe: huo ni utafiti wa wachanga, na udhaifu wa namna hiyo mbele ya skrini hupungua mtoto anapopita miaka mitatu. Binti yako wa miaka 10 anaweza kujifunza kwenye video, na wako vijana wengi waliojifunza kushona, kupika na kutengeneza injini kwa njia hiyo. Shida ya video kwake ni nyingine. Video haimwoni. Chane yake ikipita juu badala ya chini, yule mama wa kwenye simu anaendelea kusuka kwa uzuri ule ule, na binti yako anakuja kugundua kosa baada ya mistari kumi, wakati ukili umeshajikunja na haijulikani pa kurudi. Vidole vinavyogongana ni vidole ambavyo makosa yao hayarekebishwi kwa wakati.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ni zito kuliko hilo la simu, nalo ni kwamba mtoto huchagua wa kumwiga. Maciej Chudek, Joseph Henrich na wenzao walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miaka 3 na 4, wakiona watu wawili wanafanya jambo kwa namna mbili, huelekea kumwiga yule ambaye wamewaona wengine wakimtazama. Hawakuambiwa lolote juu ya nani bora. Waliona tu macho ya watu yameelekea wapi. Sasa jiulize, nyumbani kwako Wete, unaposuka ni nani anayekutazama? Mgeni akija, anakalishwa kwenye mkeka wako au mkeka unakunjwa linatandikwa zulia la dukani? Mkeka ukikamilika, kuna jirani anayeupapasa kwa kiganja na kuuliza bei? Mtoto wa miaka 10 anasoma mambo hayo haraka kuliko anavyosoma kitabu cha skuli. Kwa bibi yako, naamini watu walikuja kutoka vijiji vingine kuagiza, na wewe ulikuwepo ukiwaona.

Kwa wanaosema kwamba akili za watu wa sasa haziwezi kazi mpya za mikono, nawakumbusha mwani. Ukulima wa mwani kwa biashara ulianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu na mtindo uliotoka Ufilipino, yaani vigingi viwili, kamba katikati, na vipande vya mwani vimefungwa kwenye kamba kwa nafasi. Hakuna bibi wa Kizanzibari aliyekuwa ameifanya kazi ile. Ndani ya miaka michache kazi ilikuwa imeenea pwani nyingi, Pemba ikiwemo, mikononi mwa wanawake ambao wengi wao walikuwa watu wazima. Maofisa walikuja kufundisha, ni kweli, lakini sehemu kubwa ilipita baina ya majirani: bamvua inapotoa maji, wanawake wako pamoja kwenye mchanga, huyu anaona fundo la yule, fedha ya wa kwanza imeonekana na wote. Watu waliona, walikuwa pamoja, na walikuwa na sababu. Akili ni zile zile.

Sasa tuje kwenye la kufanya. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa jamii za Wavai na Wagola mjini Monrovia, Liberia, akitazama vijana wanavyofunzwa. Aligundua kwamba mafundi wale hawafundishi kwa mfuatano wa kutengeneza nguo. Nguo huanza kwa kukatwa, kisha hushonwa, kisha hutiwa vifungo na kupigwa pasi. Mwanafunzi huanzia mwisho: anapiga pasi, anatia vifungo, anakunja pindo, baadaye anashona vipande vilivyokatwa na wengine, na kukata kitambaa huja mwisho kabisa. Kila hatua inamwonyesha ile iliyotangulia: anayetia vifungo anaona mshono umekaaje, na anayeshona anaona kitambaa kimekatwaje na kwa nini. Na kosa la kifungo hulipika, wakati kosa la mkasi limeshaharibu kitambaa. Hakuna aliyekaa akabuni mpango huo kwenye karatasi, nami nauona ni wa hekima kuliko mitaala mingi niliyowahi kuisoma.

Wewe, dada yangu, naamini umeanza na binti yako pale pale mkeka unapoanzia, kwenye kuuanza ukili, ambako chane zote ziko huru na kila moja inataka kukimbia. Hapo ni pagumu kuliko pote. Geuza. Mpe kwanza kazi ya kuchambua ukindu kwa urefu na kwa rangi. Mpe mkeka uliokwisha, apunguze kwa kisu ncha zilizochomoza upande wa chini. Vidole vyake vitapita juu ya maelfu ya mapishano yaliyo sahihi, na hilo si jambo dogo. Kisha ashone kili zako pamoja, ambapo ukili uliopinda utamsumbua mwenyewe, na atajua bila ya kuambiwa kwa nini kingo lazima ziwe sawa. Baada ya hapo mpe ukili wako ulioufikisha urefu wa mkono, unaokwenda vizuri, auendeleze kwa kiasi cha shubiri, kisha uuchukue tena. Kuuanza mwenyewe kuje mwisho, hata kama ni mwakani. Na wakati wote huo kaa naye bega kwa bega, mkitazama upande mmoja. Ukikaa mbele yake anauona mkono wako umegeuka, kama Molaison na kioo chake.

Asiwe peke yake pia. Barry Hewlett na Luigi Luca Cavalli-Sforza waliwauliza Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati wamejifunza kwa nani stadi 50 za maisha yao, na mwaka 1986 wakaandika kwamba takriban asilimia 80 zilitajwa kuwa zimetoka kwa wazazi. Lakini watafiti waliokuja kuwatazama watoto wenyewe wakiwa kazini, wakiwemo Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi, wameona watoto wakijifunza mengi sana wao kwa wao, mdogo kwa mkubwa kidogo, katika makundi ya umri mchanganyiko. Mtafutie binamu au mtoto wa jirani. Kosa la mwenzake litamfunza jambo ambalo uhodari wako haumfunzi.

Limebaki la kukatika na kurudi. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha majaribio ambayo aliwapa watu hadithi ya Wenyeji wa Amerika Kaskazini, wa kwanza akaisimulia kwa kumbukumbu, wa pili akasoma usimulizi wa wa kwanza akausimulia naye, na hivyo hivyo. Baada ya watu wachache hadithi ilikuwa fupi, mizimu iliyokuwa kiini chake imefifia, na mitumbwi imekuwa mashua za kawaida za Kiingereza. Kila mtu alikuwa amejaza mapengo kwa vitu vya kwao. Ndivyo akili ilivyo. Haihifadhi nakala, hujenga upya kila mara kwa matofali iliyonayo, na hoja hii Dan Sperber wa Ufaransa ameifanya kuwa msingi wa nadharia yake yote juu ya utamaduni.

Lakini sisi tuna ushahidi kwamba mnyororo unaweza kushika kama umewekewa njia ya kusahihishana. Binti yako chuoni hasimuliwi Qur'ani. Anaisoma mbele ya mwalimu, herufi kwa herufi, na irabu moja ikikosewa anarudishwa hapo hapo, kama mwalimu wake alivyorudishwa. Utenzi nao umejiwekea mlinzi wake ndani: vipande vinne kila ubeti, mizani minane kila kipande, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinashika kina cha utenzi mzima. Anayesahau neno akatia jingine, sikio linamshitaki papo hapo. Na ukili, ukiutazama vizuri, uko karibu na utenzi kuliko na hadithi ya Bartlett, kwa kuwa chane ikikosea njia, rangi inatoka mahali pake na jicho linaona. Ndiyo maana ukili wako ni wa bibi yako hasa. Kinachopotea upesi ni kile kisichoonekana katika mkeka uliokwisha: ukindu ukatwe ukiwa na umri gani, uanikwe siku ngapi, uchemshwe na rangi kwa muda gani ili rangi isitoke kwenye nguo ya anayekalia. Hayo muulize mama yako kwanza, na uyaandike.

Kurudi kunawezekana, ikiwa mahali fulani wamebaki wanaofanya. Katikati ya karne ya 19 Wainuiti wa kaskazini-magharibi ya Greenland, watu wa pwani yenye wanyama wa baharini tele, hawakuwa na mitumbwi ya ngozi ambayo ndugu zao wa kwengineko walikuwa nayo, wala pinde. Hawakuibuni upya kwa kuwa na haja nayo tu. Katika miaka ya 1860 walifika wahamiaji kutoka kisiwa cha Baffin, wakaishi nao na kuoana nao, na mitumbwi na pinde zikarudi. Kwako hali ni nyepesi kuliko hiyo, kwa sababu wanaojua ni wawili na wako hai, mmoja Wete na mmoja shamba.

Kwa hiyo likizo ya skuli ikija, mpeleke binti yako kwa bibi yake akae wiki tatu au nne, na usimpe mama yako agizo la kumfundisha. Mwambie tu kwamba mjukuu wake amekuja kumsaidia kumaliza mkeka mmoja, kisha wewe rudi mjini.